Jibu: Je, 1,000,001 ni namba tasa?

Habari za jioni, mwalimu. Umeeleza kwamba wanafunzi wako hapo Arusha wameigawanya 1,000,001 kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100, kila mara pakawa na baki, na sasa wanabishana iwapo nayo ni tasa.

Kwanza angalia kipeuo cha pili, kwa kuwa hicho ndicho kinachoamua mahali pa kusimama. Hapa kinazidi 1,000 kidogo tu, hivyo iliwapasa kuendelea hadi 997, lakini waliishia 97 ilhali namba tasa inayofuata, 101, inaigawa bila baki na kutoa 9,901.

Vijana ninaowafundisha hapa Moshi mimi huwaonyesha njia fupi zaidi, ambayo naipenda sana kwa sababu haihitaji kubahatisha. 1,000,001 ni 100³ + 1, na a³ + 1 hugawanyika daima kwa a + 1, jawabu likiwa a² − a + 1. Ukiweka 100 mahali pa a, unapata 101 na 10,000 − 100 + 1, yaani 9,901. (Ukiweka 10, 1,001 inakuwa 11 × 91.)

Kazi ya wanafunzi wako haikupotea hata kidogo. Kipeuo cha pili cha 9,901 hakifiki 100, na namba yoyote inayoigawa 9,901 ingeigawa pia 1,000,001, kwa hiyo majaribio waliyokwisha kuyafanya yanatosha kuthibitisha kwamba 9,901 ni tasa. Vigawo vya 1,000,001 basi ni vinne tu: 1, 101, 9,901 na yenyewe.