Mume alipona, mimi je?

Swali: Dokta, nilikwenda kuchangia damu, nikaambiwa nina homa ya ini B. Mume wangu aliwahi kuiugua, macho yakawa ya njano, akapona. Mimi sijawahi kuumwa, mbona virusi havijatoka? Mama wa wawili, Mbeya.

Jibu: Pole, mama. Tazama umri wa kuambukizwa. Yale macho ya njano ni kinga ya mtu mzima ikipigana; zaidi ya 95 kati ya 100 hupona. Kinga ya mtoto mchanga haipigani hivyo, na takriban 90 kati ya 100 hubaki na virusi kimyakimya. Afrika wengi huvipata utotoni, Ulaya, ukubwani. Yaelekea nawe ulivipata mdogo, basi usimshuku mumeo. Kapime wingi wa virusi na hali ya ini, wanao nao wapimwe. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, uache.