Gemu yako ichezeke kila unapozima kompyuta

Wiki za kwanza za kutengeneza gemu peke yako hazihitaji ushauri wa mtu. Mhusika anajifunza kuruka, adui wa kwanza anaanguka, kila jioni kuna kitu kipya cha kutazama. Baadaye zinakuja kazi zisizo na shangwe: menyu, kuhifadhi mchezo ulipofikia, skrini za vipimo tofauti, hitilafu inayojitokeza leo na kujificha kesho ukiitafuta. Hapa ndipo hamu inapokatika, na miradi mingi mizuri huachwa hapa.

Kwangu mimi, kilichosaidia kuliko chochote ni sharti moja: sizimi kompyuta gemu ikiwa haichezeki. Kabla ya kuamka kitini naicheza tangu mwanzo kwa dakika chache. Kama kuna kilichovunjika, nakirekebisha, au narudia toleo la mwisho lililofanya kazi. Ndiyo maana natumia Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, hata kwa mradi wa mtu mmoja. Ukikaa mwezi mzima ndani ya msimbo usioendeshwa, unabaki na imani tu kwamba unasonga mbele, na imani hiyo huchoka. Ukiicheza, unaona.

Sharti hilo hubadilisha hata mpangilio wa kazi. Badala ya vyumba kumi vilivyokamilika nusunusu, malizia kimoja chenye mlango, adui, sauti na namna ya kushindwa. Michoro isubiri, visanduku vya rangi vinatosha kukuonyesha kama kukwepa adui kunafurahisha. Nawasihi sana wanaoanza wasichore kwa miezi kabla ya kulijua hilo.

Kabla ya kufunga, andika pia sentensi moja ya pa kuanzia kesho, tena ndogo: "mlango wa pili haufunguki hata ukiwa na ufunguo." Ukirudi umechoka kutoka kazini, kuamua cha kufanya ni kuzito kuliko kukifanya.

Kuhusu kujilinganisha na wengine: kila mtu atakutajia Eric Barone, aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ilipotoka mwaka 2016. Namheshimu mno. Lakini katika miaka hiyo mwenzi wake alisaidia kubeba gharama za maisha, naye alikuwa na kibarua cha saa chache. Uvumilivu ule ulikuwa na watu na pesa nyuma yake. Kabla ya kujipangia miaka minne, jiulize nani atalipa kodi ya nyumba. Lucas Pope naye alitengeneza gemu ya "Papers, Please" kwa muda usiofika mwaka, ikatoka 2013, na sehemu kubwa ya mchezo ni meza moja ya kukagulia hati. Huo ndio mfano ninaopenda kuwapa watu. Na kama hujawahi kumaliza gemu yoyote, jiunge na Ludum Dare, shindano la kutengeneza gemu lililoanza mwaka 2002, ambalo kundi lake la watu wanaofanya kazi peke yao hupewa saa 48. Kitakachotoka kitakuwa kidogo, lakini kitakuwa na mwisho.

Wazo la gemu nyingine litakuja, na litakuja wakati hii ya sasa imekuwa ngumu. Liandike kwenye faili lake na ulifunge.

Tafuta pia mtu mmoja wa kuicheza mbele yako, nawe ukae kimya. Usimwelekeze. Akicheka mahali ambapo hukutarajia, au akirudia hatua bila kuombwa, utafanya kazi wiki nzima kwa nguvu hiyo.

Na siku hamu isipokuja kabisa, chunguza kwanza ni uchovu wa aina gani. Ukilala vizuri, ukakaa mbali na skrini siku mbili tatu, kisha ukatamani kuicheza, ulikuwa mwili tu. Ukirudi umepumzika na bado hutaki kuicheza gemu yako mwenyewe, usijilaumu kwa uvivu. Angalia ni dakika ipi mkono wako unaanza kutafuta kitufe cha kutoka. Sehemu hiyo ifupishe au iondoe, hata kama ilikugharimu wiki kadhaa, kisha uicheze tena jioni hiyohiyo.