Msomaji Auliza: GPS ya Gari ya Kulala

Assalamu alaykum. Nina Coaster ndefu ya dizeli. Nimetoa viti nikatia vitanda vinne na jiko la gesi. Juu ina keria na tangi la maji. Insha Allah nitaivusha Dar nipakie wageni wa Bagamoyo, Lushoto mpaka Moshi. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema kule kuna GPS maalumu za gari za kulala na karavani: unaitajia kimo na uzito wa gari, nayo inakuepusha na njia zisizokufaa. Nimwambie aninunulie? – Msomaji, Fuoni

Wa alaykum salaam. Kabla hajatoa pesa, kaka yako amuulize muuzaji jambo moja: ramani iliyomo ndani ni ya wapi? Vifaa kama Garmin Camper na TomTom GO Camper vinavyouzwa kule hutoka dukani na ramani za Ulaya. Ukikiwasha Fuoni kitajua ulipo, lakini barabara ya kukupeleka Tunguu hakina.

Hata ukikitia ramani ya Tanzania, ile kazi ya kimo na uzito haiji na ramani moja kwa moja. Kifaa hakioni daraja. Kinasoma kilichoandikwa tu. Uingereza na Ufaransa vimo vya madaraja vimeandikwa kwa wingi, ndiyo maana kule kifaa hicho kina thamani yake. Kwetu taarifa hizo ni haba. Utakijazia mita 3.2, kitapokea, kisha kitakupitisha popote kwa kuwa hakuna kilichoandikwa cha kukizuia. Na kinachogonga paa huku kwetu mara nyingi si daraja. Ni tawi la muembe mkongwe, kama ile ya Bungi, au waya uliolegea juu ya njia ya shamba, au paa la kituo cha mafuta. Hakuna ramani inayochora tawi.

Kwa hiyo kimo ukijue wewe mwenyewe. Weka gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wake wa kawaida. Ipime ikiwa tupu: springi zikibeba mzigo gari hushuka, na safarini maji na chakula vikipungua huinuka tena. Laza ubao ulionyooka juu ya kitu kilicho juu kabisa (kwako huenda ni mfuniko wa tangi), upime kutoka ubao hadi chini pande zote mbili, uchukue kipimo kikubwa. Ongeza sentimita 20 kwa ajili ya kuruka kwenye matuta. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi ngumu uibandike mbele ya dereva, maana dereva wa zamu hatakumbuka. Kifaa kilichotoka Uingereza huenda kinahesabu kwa futi na inchi, basi kibadilishe kiwe cha mita kwanza, mita 3.2 ni futi 10 na inchi 6.

Tangi hilo la juu, kwa rai yetu, literemshe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 100 juu ya paa ni kilo 100 zinazoyumba kila ukikata kona, na kimo nacho kimeongezeka.

Sasa kifaa chenyewe. Akipata Garmin yenye tundu la kadi ya kumbukumbu kwa bei ya kawaida, hata isiyo ya gari za kulala, aichukue. Kuna njia mbili za kuitia ramani. Moja ni kununua ya Tracks4Africa, ya kampuni ya Afrika Kusini, iliyotengenezwa kwa wasafiri wa gari na yenye kambi na njia za vumbi za Bara. Ya pili ni ya bure, inayotokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea: faili huitwa gmapsupp.img, huwekwa ndani ya folda iitwayo Garmin kwenye kadi. Ukishaitia, ingia kwenye mipangilio ya ramani uizime ile ya zamani, ama zitapandana na kifaa kitachanganyikiwa. Usitegemee kutafuta kwa jina la mtaa. Hifadhi vituo vyako mapema kwa nukta, yaani zile namba za digrii zinazoonesha mahali.

Ikiwa tayari una tableti nzuri yenye GPS ndani, usinunue kitu. Pakua OsmAnd, programu inayotumia hiyo hiyo OpenStreetMap, na ramani ya Tanzania ukiwa kwenye Wi-Fi. Unguja na Pemba zimo humo. Nayo inakubali kimo, upana na uzito wa gari, kwa kasoro ile ile tuliyoitaja. Kwa visiwani ramani hii ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kuvipiga picha visiwa kwa droni, wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wakiwemo kazini, na picha zikaachwa wazi kwa wachora ramani. Google Maps ni nzuri kwa foleni, ila haina pahala pa kujaza kimo cha gari.

La mwisho, na hili ndilo linaloua vifaa vingi. Coaster nyingi za dizeli ni za volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Pima kwenye soketi ya sigareti injini ikiwa inanguruma: ukiona karibu na 28, chaja ya GPS lazima iwe imeandikwa 12–24V. Chaja ya 12 peke yake itaungua, na pengine itaondoka na kifaa. Fundi akikwambia atachukua 12 kutoka betri moja, mkatalie. Betri hiyo itakuwa inashuka, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Tia kibadilishaji cha 24 kwenda 12 chenye fyuzi yake.

Nimenunua Noa kutoka Japani. Ilikuwa na ramani kwenye redio. Nilipobadilisha betri ikaanza kuniandikia Kijapani na kudai kadi. Naweza kuitia ramani ya Zanzibar? – Msomaji, Chake Chake

Huwezi. Redio hizo zimefungwa kwa ramani ya Japani tu. Betri ilipotoka, redio ilisahau, na nyingi za Toyota haziwaki tena mpaka zipate kadi yake ya ramani, nyengine na namba ya siri pia. Wapo wanaozifungua kwa malipo, lakini utakachopata ni redio, si ramani. Na hata hiyo redio, masafa yake ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za FM za kwetu huzipati bila kibadilisha masafa.

Pesa hiyo iweke kwenye redio ya Android. Pima tundu kwanza: Toyota nyingi ni milimita 200 kwa upana, ilhali redio za kawaida ni 178, na ukinunua ndogo utabakiwa na mianya pembeni. Nunua na soketi ya waya ya Toyota ili fundi asikate waya za kiwandani. Kwenye waya za redio, manjano ni ya betri moja kwa moja, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni ya ardhi. Zikibadilishana manjano na nyekundu, redio itasahau mipangilio kila ukizima gari. Zikiunganishwa pamoja kwenye betri, asubuhi gari haiwaki.

Antena ya GPS ni kile kidude cheusi cha mraba chenye waya mrefu. Mafundi wengi hukisokomeza nyuma ya redio, kwenye chuma, kisha mteja akalalamika kwamba ramani inamuonesha yuko baharini. Kibandikwe juu ya dashibodi chini ya kioo, uso wake ukitazama mbinguni.

GPS ya kuvulia ninayo, ile ya mkononi. Nikiitumia kwenye gari inanichorea mstari ulionyooka unaopita juu ya nyumba za watu. Na mgeni akinipa nukta za hoteli, nikizitia inanipeleka nchi nyengine. – Msomaji, Mkokotoni

Mstari ni sawa kabisa kwa mashua, na kifaa hakikosei: hakina ramani ya barabara, kinakuonesha upande na masafa tu. Ikiwa ni Garmin na kina tundu la kadi, kitie faili tulilolitaja juu, kisha chagua kufuata barabara badala ya mstari.

Ama nukta, huenda umeacha alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta. Sita kusini huandikwa S6 au -6. Ukiandika 6 tupu pamoja na 39 ya mashariki, utajikuta kusini mwa Ethiopia. Kosa la pili ni dakika na desimali: digrii 6 na dakika 10 ni 6.1667, si 6.10. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita saba, inatosha kumshusha mgeni kijiji sicho.

Jee, GPS inakula bando? – Msomaji, Jambiani

Haili. Simu hupokea tu ishara za setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000; nne zikionekana, inajua ilipo. Bando linaliwa na ramani inayopakuliwa njiani. Ipakue nyumbani, uzime data, uendeshe. Simu ikizimika yenyewe kwenye dashibodi saa nane mchana, ni joto: iPhone, kwa mfano, imetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35. Ihamishie kwenye tundu la kiyoyozi, na ukishuka usiiache juani.