Gyarados mwenye levo kubwa anachapwa na wadogo: tatizo ni mapigo uliyompa

Mkuu, umesema Gyarados wako, Pokémon wa maji na kuruka, ana levo 60, amebeba Hydro Pump, Hurricane, Ice Beam na Hyper Beam, na bado anachapwa na Pokémon wa levo 50. Levo haina kosa. Mapigo yote manne ni maalumu (special), na Gyarados ni mpiganaji wa mwili (physical): nguvu yake ya msingi ya mwili ni 125, ile maalumu ni 60 tu.

Zidisha nguvu ya pigo kwa takwimu inayolibeba. Hydro Pump: 110 × 60 = 6,600, na hukosa mara 20 katika 100. Waterfall, pigo la maji la mwili: 80 × 125 = 10,000, na usahihi wake ni 100. Hiyo si fomula nzima ya gemu, maana ulinzi wa mpinzani haumo, ila kwa kulinganisha mapigo inatosha kabisa. Hyper Beam ifute leo hii. Ukishaipiga, zamu inayofuata umekaa tu, na mpinzani hujiongezea nguvu bila bughudha.

Pigo la aina moja na anayelipiga huzidishwa kwa 1.5, kwa hiyo Waterfall inafika 120. Earthquake, pigo la ardhi, kwa Gyarados inabaki 100, na kazi yake ni moja: kuwapiga wa umeme, ambao humuumiza mara 4 lakini wao ardhi huwauma mara 2. Ice Fang, pigo la barafu, ina 65, inaonekana ndogo. Mpige nayo Garchomp, ambaye ni joka na ardhi, barafu inamuuma mara 4: unapata 260, wakati Waterfall kwake ni 120 ile ile. Nafasi ya nne weka Dragon Dance, inayopandisha nguvu ya mwili na kasi mara 1.5 kila moja. Icheze pale mpinzani anapolazimika kubadilisha Pokémon, si wakati unapigwa.

Wengi hukwama kwa Zapdos, Pokémon wa umeme na kuruka. Anaruka, Earthquake haimgusi, na pigo lake moja la umeme, Thunderbolt, linakumaliza. Usibishane naye, mtoe Gyarados, ingiza Garchomp, umeme haumdhuru hata kidogo. Garchomp naye anaogopa barafu na aina ya Fairy, basi awepo Scizor, wa mdudu na chuma, anayezipokea zote mbili kwa nusu. Moto humuuma Scizor mara 4, lakini hao wenzake wawili wanaupokea kwa nusu. Watatu hawa wanazibiana matundu vizuri mno. Tena Bullet Punch, pigo la chuma, ya Scizor mwenye uwezo wa Technician, unaozidisha mapigo madogo kwa 1.5, nguvu 40 × 1.5 × 1.5, inafika 90 na hutangulia mapigo ya kawaida hata kama yeye hana kasi.

Jihadhari na kuungua, kunakokata madhara ya mapigo ya mwili nusu, na Stealth Rock, mtego wa mawe unaomla Gyarados robo ya uhai kila anapoingia.

Pointi za mazoezi (EV) ni 510, kila takwimu mwisho 252: jaza nguvu ya mwili na kasi, 4 tupia kwenye uhai. Gyarados na Scizor wape tabia ya Adamant, inayoongeza nguvu ya mwili. Garchomp mpe Jolly, inayoongeza kasi: kasi yake ya msingi ni 102, Charizard na wengine wengi wana 100, na ukimpa Adamant, mwenye 100 aliyepewa tabia ya kuongeza kasi atamtangulia.