Vitunguu vya maua vionekane vimejiotea

SWALI: Habari za kazi. Chini ya mjakaranda nilipanda vitunguu 20 vya yale maua mekundu ya duara yanayochomoza mvua zikianza. Nilivipanga mistari, navyo vikichanua ni kama gwaride. Saba vimeoza. Nifanyeje vionekane vimejiotea? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ua hilo, Scadoxus multiflorus, ni la huku kwetu na porini hupenda kivuli, kwa hiyo mahali ulipatia. Subiri kiangazi, majani yakishakauka, uchimbue kwa uma ukianzia sentimita 20 pembeni ili usikate mizizi yake minene. Vaa glavu; kitunguu hiki kina sumu, kisiachwe watoto au mbuzi wanapofika.

Sasa mpangilio. Okota kokoto 13, zirushe kwa mkono mmoja kuelekea shinani, kisha panda kila kitunguu kokoto ilipotua. Usirushe vitunguu vyenyewe, vikichubuka vitaoza. Mkono utakushawishi usawazishe nafasi. Usiusikilize! Kokoto zilizokaribiana chini ya sentimita 10 ndizo tu za kusogeza. Uzuri wenyewe uko hapo: vitatu vimesongamana, kimoja kimejitenga kando ya mzizi.

Shingo ya kitunguu iwe sawa na uso wa udongo. Ukikifukia kwa kina, maji hukaa shingoni, na kuoza huanzia hapo. Kosa jingine ni kumwagilia kiangazi, kitunguu kikiwa kimelala. Udongo ukiwa mzito, utifue sentimita 30, changanya ndoo mbili za mchanga wa mto na moja ya mboji kwa kila mita ya mraba, kisha uuinue kidogo.

Majani usiyafyeke hadi yawe ya njano, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ua la mwakani. Mwaka wa kwanza huenda kisichanue, kwa kuwa hakipendi kuhamishwa. Kiache.

SWALI: Tulipu zangu hutoa majani tu. Kwa nini? – Msomaji, Limuru

JIBU: Zinadai baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 hivi, na udongo wa Limuru hauifikii. Ziweke kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na matunda, kwani gesi ya matunda yanayoiva huua chipukizi la ua lililomo ndani. Hata hivyo, zitachanua msimu mmoja tu.