Kipimavolti kinasoma sifuri: je, chaji imepotea?

Swali: Ninatengeneza visahani vya haidroksiapatiti, keramiki ya kalsiamu na fosfati inayofanana na madini ya mfupa, kwa ajili ya vipandikizi vya mfupa. Nilivipasha joto hadi nyuzi 400 za Selsiasi vikiwa ndani ya uga wa umeme ili vinase chaji, nikavipoza kabla ya kuuondoa uga huo. Hata hivyo, kipimavolti cha uso kisichogusa sampuli kinaonyesha karibu sifuri. Je, hakuna chaji iliyonaswa?

Jibu: Usivitupe visahani vyako. Kipimavolti cha uso husoma tofauti tu inayobaki baada ya chaji chanya na hasi kufutana. Katika haidroksiapatiti, uga husogeza protoni za vikundi vya haidroksili, na ubaridi huzifungia pale zilipofika. Lakini chaji za kinyume zilizoachwa na elektrodi, pamoja na ayoni zinazoletwa na unyevu wa hewa, hutanda usoni na kuficha kilichomo ndani.

Kwa keramiki ya namna hii ninaamini zaidi njia ya kuipasha joto sampuli upya, safari hii bila uga, na kupima mkondo unaotoka kadiri chaji zinavyofunguka. Bana kisahani kati ya elektrodi mbili za platini, ziunganishe na elektromita inayoweza kusoma pikoampia (sehemu ya trilioni ya ampia), kisha pandisha joto kwa mwendo usiobadilika, kwa mfano nyuzi 5 kwa dakika. Chaji ni eneo lililo chini ya mchoro wa mkondo dhidi ya muda. Mkondo wenye wastani wa nanoampia 1 kwa sentimita ya mraba, ukidumu kwa nyuzi 100, yaani dakika 20 au sekunde 1,200, ni sawa na mikrokulombi 1.2 kwa kila sentimita ya mraba.

Hesabu hiyo haina thamani usipopima pia kisahani pacha ambacho hakikuwahi kuwekwa katika uga. Hapa ndipo ninapoona wanafunzi wengi wakikosea: maji yaliyonyonywa na vinyweleo vya keramiki huzalisha mkondo wake, nao huhesabiwa kama chaji iliyonaswa. Kausha sampuli zote mbili kwa namna moja, uzipashe kwa mwendo uleule, kisha toa mkondo wa pacha kutoka kwa ule wa kisahani chako.

Kumbuka kwamba kipimo hiki huiondoa chaji yenyewe, kwa hiyo kisahani kilichopimwa hakifai tena kwa jaribio la seli hai. Tengeneza vya ziada katika mkupuo mmoja.

Ukihamia kwenye polima, yaani nyenzo za jamii ya plastiki, kama asidi ya polilaktiki, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 60, mkondo wa molekuli zinazojigeuza huchanganyika na ule wa chaji zinazofunguka, na kuutenganisha ni kazi ngumu. Huko ni afadhali kutumia mpigo mfupi wa umeme na kusikiliza wimbi la sauti linalotoka kwenye chaji, maana njia hiyo huonyesha pia kina zilipo bila kuziondoa. Pima baada ya kutakasa vijidudu, kwa sababu mvuke wa nyuzi 121 unaweza kuifuta chaji ya polima kabla kipandikizi hakijamfikia mgonjwa.