Ujerumani kwa nesi mwenye diploma: jibu kwa mdogo wetu wa Moshi

Mdogo wetu, umeuliza hivi: una diploma ya uuguzi ya miaka 3, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga unayo, na kuna wakala pale mjini anataka milioni 6 akupeleke Ujerumani kwa "yuro 2,800 mkononi". Ulipe?

Usilipe. Ujerumani kuna alama rasmi ya uajiri wa haki wa wauguzi wa kigeni, na sharti lake kubwa ni kwamba gharama anabeba mwajiri. Anayekudai wewe, muulize kwanza hiyo alama.

Na hilo neno "mkononi" si kweli. Hiyo ni kabla ya makato. Asiye na ndoa wala mtoto hukatwa pensheni 9.3%, bima ya afya zaidi ya 8%, bima ya matunzo, ya kukosa kazi 1.3%, halafu kodi ya mapato. Unabaki na kama 1,900. Chumba, pamoja na gharama za kukipasha joto, ni 500 au zaidi, na mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi 3. Ada ya redio na televisheni ni 18.36 kila mwezi, hata kama televisheni huna. Ukitoka hapo ndipo lije kundi la WhatsApp la mchango wa harusi.

Kikwazo chenyewe ni cheti. Mpaka kitambuliwe, utafanya kazi kama nesi msaidizi na kulipwa hivyo. Mamlaka ya jimbo hulinganisha mafunzo yako na ya kwao: saa 2,100 za darasani na 2,500 za wodini. Hawasomi alama za mtihani, wanasoma saa. Transkripti nyingi za nyumbani zinaonyesha masomo na alama tu, kwa hiyo wanaandika kwamba umepungukiwa, mara nyingi kwenye wazee, magonjwa ya akili na uuguzi wa majumbani. Nenda chuoni kwako uombe barua yenye muhuri inayotaja saa za kila somo na saa za kila wodi. Ikionyesha pengo dogo, kozi ya kuziba nayo huwa fupi. Njia nyingine ni mtihani, wa mdomo na wa vitendo kitandani kwa mgonjwa.

Majina nayo yanachelewesha sana. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, leseni ina la babu, pasi ina la mume. Kwetu tunaelewana, karani wa Ujerumani anaona watu watatu. Nyoosha hilo kwa kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kutafsiri chochote, la sivyo utalipa mtafsiri mara mbili.

Lugha: visa inaweza kutoka ukiwa na Kijerumani cha ngazi ya B1 (ya kati), leseni ya Ujerumani haitoki bila B2, ngazi inayofuata. Kutoka sifuri hadi B2 ni vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Mtihani wa B2 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu 4, kila moja inahitaji alama 60 kati ya 100, na uliyofeli unairudia peke yake. Goethe na ubalozi vyote viko Dar, basi weka nauli na malazi kwenye bajeti.

Kuhusu kazi, wengi hukatishwa tamaa na jambo moja. Huko Moshi ndugu ndio wanaomwogesha na kumlisha mgonjwa, nesi anaweka drip. Ujerumani nesi ndiye anaogesha, anabadilisha pampasi, analisha, na katika hospitali nyingi kuweka kanyula (kibomba cha drip kwenye mshipa) ni kazi ya daktari. Kama hilo linakuudhi ukiwa bado nyumbani, litakuudhi zaidi saa kumi na mbili asubuhi na wagonjwa wanane wanakusubiri.

Ukirudi nyumbani moja kwa moja, unaweza kuomba sehemu yako ya michango ya pensheni baada ya miezi 24 tangu uache kuchangia. Ukifikisha miezi 60 ya kuchangia, unaweza pia kuiacha na kungoja pensheni uzeeni.

Barua ya saa iombe sasa, kabla chuo hakijafunga Desemba na mwandikishaji hajapanda Rombo kula sikukuu.